Shamba Lililoandikwa Ukutani

Jada alirudi kutoka senta, kwenye maduka ya kijiji, akisukuma baiskeli ambayo haikuwa na pancha wala mnyororo uliokatika. Santa, mkewe, alikuwa mlangoni anapepeta karanga. Alipomwona mtu anatembea kwa miguu kando ya baiskeli nzima, akajua kuna neno limemkaa rohoni. Akaweka ungo chini.

"Prossy iko wapi?" Jada aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Ameenda mtoni. Kuna nini?"

"Hii shamba yangu ya chini, ile nilipatia Mama Laurette alime, wameandika kwa ukuta ya shule. Wameandika ni ya Mama Laurette! Watu yote ya senta wanajua. Mimi ndiyo nimejua mwisho, kama mgeni."

Habari aliipata kwa Lomoro, mtoto wa mjomba wake, mtu ambaye akipata la kumcheka mwenzake halali nalo. Lomoro alikuwa amepeleka kuni shuleni, akaona karatasi kubwa ukutani imechorwa kijiji kizima, akaomba asomewe. Baadaye akamkuta Jada dukani ananunua sabuni, akampa pole kwa sauti iliyofika hadi kwa kinyozi. "Pole, ndugu yangu. Nasikia umeuza shamba." Watu wakacheka. Jada akaiacha sabuni juu ya meza na kuondoka.

Pande zile za Lobule, karibu na mpaka wa Kongo, mtu akikuazima shamba unapanda mihogo, mahindi, karanga, chochote kinachong'olewa msimu ukiisha. Mti hupandi. Hata mpapai utaulizwa. Mti ukisimama kwenye ardhi ya mtu, miaka ikipita na wewe unasimama nao, na mwenye shamba ndiye anayebaki kujieleza mbele ya wazee. Wenyeji wanajua, wakimbizi wanajua, na Thérèse, huyo Mama Laurette aliyetoka Kongo, hakuwa amepanda hata mche mmoja. Lakini kuandika? Juu ya kuandika hakuna aliyewahi kuweka sharti. Jada aliliwaza jambo hilo njia nzima, akaona kwamba jina lililoandikwa ni mti, tena mti mbaya zaidi, maana shoka haliukati. Ndivyo alivyomweleza mkewe.

Prossy akatokea na dumu la maji kichwani.

"Nani ameandika jina ya Mama Laurette kwa shamba yangu?" baba yake akamuuliza kabla hajalitua.

Uso wa msichana ukang'aa. Alidhani atasifiwa.

"Ni mimi, Baba! Umeona? Mstari yote nimeandika mimi peke yangu. Mwalimu hakushika mkono yangu."

Santa alifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja, mpaka akashindwa kujua ashike lipi. Tangu Prossy aanze shule alikuwa ananakili ubao kama mtu anayechora mbuzi. Ukimwambia asome alichoandika, anakutazama. Walimu walisema ni mzito. Santa mwenyewe, binti wa Kimadi aliyeletwa Lobule kwa kuolewa, hakusoma hata siku moja, na alikuwa ameanza kuamini kwamba ugonjwa huo binti yake ameurithi kwake. Kumbe mtoto anaandika mstari mzima.

"Basi hiyo shule imefika mwisho," Jada alisema. "Nimepiga simu kwa Evelyn. Anakuja kukuchukua. Siku ya Ijumaa mnaenda Arua, utamsaidia kuuza samaki."

Evelyn alikuwa dada yake mkubwa, mwenye meza ya samaki wakavu katika soko la Arua, na kila Krismasi aliomba apewe msichana wa kumsaidia. Kila Krismasi Santa alibadilisha mazungumzo.

"Baba Prossy, amejua kusoma juzi tu. Ukimtoa sasa, itapotea yote."

"Shule inafundisha mtoto kugawa shamba ya baba yake. Hiyo ni shule?"

"Si wafute tu?"

"Watu wamekwisha soma."

Prossy alikuwa bado na dumu kichwani. Hakuna aliyekumbuka kumtua.

Asubuhi Santa alishuka shambani. Alimkuta Thérèse ameinama, anang'oa mihogo iliyokuwa bado myembamba kama vidole. Rundo dogo lilikuwa kando yake, limefunikwa majani kana kwamba ni la wizi.

"Mama Laurette! Unafanya nini? Hii haijakomaa."

"Miye najua, Mama Prossy." Thérèse hakuinuka. "Bwana yako alipita hapa jana, hakunisalimia. Njo hapo nikajua. Mbele ya kufukuzwa, nikamate hata kidogo ya kula."

"Nani amekufukuza?"

"Sisi hatukuandika kitu. Miye sijue kusoma hata jina yangu. Nimeuliza Laurette mpaka amelia. Anasema si yeye."

"Si yeye. Ni Prossy."

Thérèse akainuka sasa. "Prossy? Prossy wetu?" Tabasamu lilimponyoka kabla hajalizuia. "Anajua kuandika?"

"Anajua."

Walitazamana juu ya rundo la mihogo michanga. Mmoja alikuwa mke wa mwenye shamba na mwingine mwazimaji, lakini walikuwa wamekwisha palilia pamoja misimu mingi, na haikuwa rahisi kukasirikiana kwa muda mrefu.

"Weye uliiona hiyo kartasi?" Thérèse aliuliza.

"Hapana."

"Bwana yako?"

"Hapana. Aliambiwa na Lomoro."

"Na Lomoro anajua kusoma?"

"Alisomewa."

Thérèse akafuta udongo mikononi kwa ncha ya kitenge. "Sasa watu yote tunagombana juu ya kitu hakuna mutu ameona. Twende tuone."

Mwalimu wa darasa la nne aliitwa Eyotaru. Kwao ni Aroi, karibu na Arua; kabla ya kuja Lobule alifundisha upande wa Kuluva. Alipofika alikuta watoto wamepita idadi ya madawati, Wakakwa, Walugbara, wa Kongo, wa Sudani Kusini, na wengi wao wanaweza kunakili ubao wote bila kujua walichonakili. Kipindi cha kusoma kilikuwa kifupi. Cha maarifa ya jamii kilikuwa kirefu, tena hakina mtu anayekililia. Basi akaiba hapo muda wa kusoma. Badala ya kuwasomesha wilaya na mipaka yake kwa kuimba, aliwatoa nje wakatembea, wakarudi wakachora, kila mtoto akaandika neno la mahali pake: kisima, kanisa, kinu, njia ya ng'ombe. Waliandika kwanza kwa Kiswahili cha sokoni, maana ndicho kilichowakutanisha wote, na chini yake kwa Kiingereza cha mtihani. Kesho yake kila mtoto alisoma maneno ya wenzake. Mwalimu mkuu alinung'unika kwamba hakuna mtihani utakaouliza habari za kinu cha Lobule. Eyotaru alimjibu kwamba hakuna mtihani utakaojibiwa na mtoto asiyejua kusoma, na kwa jibu hilo hakupendwa sana ofisini.

Wanawake wawili walisimama mlangoni wakati wa mapumziko, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie. Santa hakuwahi kuingia darasani. Mikutano ya wazazi hufanyiwa barazani.

"Karibuni, mama zangu," Eyotaru alisema. "Mmekuja kuona ramani?"

Ilijaza nusu ya ukuta, karatasi za mifuko ya saruji zilizopasuliwa na kushonwa pamoja kwa uzi wa gunia. Santa aliitazama, asione kitu. Mistari, vijumba, majani, na yale maandishi yaliyotapakaa kila mahali.

"Nyumba yangu iko wapi?"

"Tafuta mwenyewe, mama. Huu hapa ndio mto."

Santa akaweka kidole kwenye mto. Akakisukuma polepole, kama anavyokwenda kila siku na dumu. Hapa ni mawe ya kufulia. Hapa njia inapinda. Hapa kuna kichuguu, na kweli mtoto fulani alikuwa amechora kichuguu. Kidole kikapanda kidogo, kikafika kwenye kijumba chenye mlango na kuku mmoja mkubwa kuliko mlango, na Santa akacheka kwa sauti.

"Hii ni kuku yangu! Mwalimu, hii ni kwangu! Sasa mimi naona kwangu kutoka juu, kama mwewe."

"Na Kongo?" Thérèse aliuliza, akitafuta. "Kongo iko wapi?"

"Karatasi imeishia hapa," Eyotaru alisema. "Kongo ni huko, kwenye dirisha."

Thérèse alikwenda hadi dirishani, akatazama nje. Aliona choo cha walimu na mbuzi wawili. Alitazama kwa muda hata hivyo.

Santa alikuwa amerudisha kidole mtoni, akashuka nacho hadi shamba la chini. Pale palikuwa na mstari wa maandishi, herufi nyingine zimelala, nyingine zimesimama juu ya wenzao. Hakuhitaji kuambiwa kwamba ni mkono wa Prossy. Aliyatazama tu, kwa fahari.

"Imeandikwaje hapa?"

"Shamba la Mama Laurette."

"Kwa nini hakuandika la baba yake?"

"Niliwaambia waandike jina ambalo watu wanatumia. Nyinyi nyumbani mnasemaje? Ukimtuma Prossy kule chini, unamwambia aende wapi?"

Santa alifikiri. "Namwambia aende kwa shamba ya Mama Laurette."

"Na baba yake?"

"Hata yeye." Alitaka kucheka tena, lakini akakumbuka Arua. "Mwalimu, baba yake amekasirika sana. Anamtoa shuleni. Ijumaa anampeleka Arua akauze samaki."

Eyotaru alikaa juu ya dawati. Ukali wote uliomsaidia ofisini ukamtoka. "Ni kosa langu," alisema. "Niliwaacha waandike mashamba bila kuuliza wenyewe. Mimi ni mtoto wa shamba, ningejua. Nitafuta leo hii."

Alikwisha shika wembe wa kukwangulia wino. Thérèse aliitikia kwa kichwa haraka haraka. Yeye alitaka jina lake litoke pale hata kabla ya kengele. Lakini Santa alishika mkono wa mwalimu, jambo ambalo jana asingeliwaza.

"Ukifuta, mtoto ataona amekosea. Amekosea?"

"Sijui," Eyotaru alisema. "Kweli sijui, mama."

"Hata mimi sijui. Sasa nani anajua?"

Mwalimu akaweka wembe mezani. "Asiyejua anauliza," alisema. "Hivyo ndivyo ninavyowafundisha. Kesho nitawaleta kwako, watoto wachache, kila mmoja na swali lake aliloandika mwenyewe. Wamuulize mwenye shamba."

"Mama Prossy," Thérèse alisema kwa sauti ndogo, "bwana yako atatupiga na fimbo."

"Hapana," Santa alisema. "Anapenda sana kuulizwa. Shida ni hakuna mutu humuuliza."

Alikuwa anamjua mumewe. Jioni alipomwambia kwamba watoto wa shule wanataka kuja kumuuliza habari za zamani, Jada alianza kwa kukunja uso.

"Kuniuliza mimi? Nini?"

"Ya kijiji. Ya shamba. Mwalimu anasema weye ndiyo mwenyewe."

"Waje," Jada alisema baada ya muda. "Nitawaambia shamba iko ya nani, waandike vizuri. Halafu kesho kutwa Prossy anaenda Arua, hiyo haibadiliki."

Hata hivyo kesho yake alinyoa ndevu, akavaa shati la Jumapili, na kiti chake alikihamisha mara kadhaa kabla hajaridhika na mahali pa kukiweka.

Wageni wa kwanza hawakuwa watoto. Bodaboda iliingia uani na Evelyn juu yake, mwanamke mpana, mchangamfu, ananukia moshi wa samaki. "Niko hapa!" alisema kabla hajashuka. "Msichana yangu iko wapi? Nimeacha meza kwa jirani, ataniibia mpaka mifupa." Santa alimpokea mzigo na kumwekea mkeka. Alimpenda wifi yake, na siku ile alitamani angepotea njia.

Kisha wakaja watoto, wamepanga mstari nyuma ya Eyotaru, kila mmoja ameshika kipande cha karatasi kama anashika yai. Prossy alikuwa wa mwisho, karibu na Laurette. Thérèse alisimama mbali, kwenye ukingo wa ua, tayari kuondoka.

"Nini hii?" Evelyn aliuliza. "Kwani kuna msiba?"

"Ni shule," Jada alisema kwa heshima. "Wamekuja kuniuliza."

Wa kwanza alikuwa Taban, kijana mrefu kutoka Sudani Kusini. Alisoma, kidole kikitambaa chini ya maneno: "Kwa nini... mto... huwa... unakauka?" Jada akajiweka sawa kitini. Aliwaambia mto ule zamani ulikuwa na msitu kando zote mbili, kwamba watu walipotoka ukimbizini Kongo walikata miti kujenga, na maji yakakimbia. Watoto waliandika, ndimi zikiwa zimetoka nje. Mwingine aliuliza nani alileta kinu, mwingine kwa nini soko lilihama. Kila swali lilimwongezea Jada urefu kidogo, na Santa, akikaanga karanga, aliona kwamba hata yeye anasikiliza. Mambo hayo hakuwahi kuyasikia, na sababu ilikuwa ndogo ya kuchekesha: hakuwahi kuuliza.

Laurette akasoma: "Kwa nini mama yangu hapandi mti?"

Thérèse aliziba uso kwa kitenge. Jada hakukasirika. Hapa alikuwa na jibu lake tayari.

"Kwa sababu muti ikisimama, na mutu anasimama. Shamba ya kuazima unapanda cha kula. Muti ni ya mwenyewe. Nyinyi muangalie hii mitiki yangu," akaonyesha safu ya miti mirefu iliyonyooka kutoka uani kushuka hadi mpaka wa shamba la chini. "Mutu akiona mitiki, hana haja kuuliza. Andikeni hiyo."

Waliandika. Kisha ikafika zamu ya Prossy, na baba yake akatazama pembeni.

Alisoma polepole kuliko wote. Neno la kwanza lilimshinda, akaanza tena. "Sha-mba... hili... tulili... tulilipataje?"

Jada alikohoa.

"Baba yangu alinunua. Kwa wajomba. Aliwapa ng'ombe dume, alikuja nayo kutoka Kongo."

Hadithi ya ng'ombe dume Santa aliijua tangu siku za uchumba. Ndiyo ilimfanya baba yake mwenyewe akubali mahari, kwamba kijana anaishi kwa wajomba lakini ardhi ni ya kununua. Penseli zikaanza kukwaruza.

"Ng'ombe gani?" Evelyn aliuliza.

"Dada."

"Hapana, mimi nauliza. Ng'ombe gani? Baba tulimzika Aba, huko huko Kongo. Weye ulikuwa mgongoni kwangu, unanikojolea. Tulirudi na sufuria moja, Jada. Sufuria ile nilibeba mimi." Evelyn hakusema kwa ubaya. Alishangaa tu, kama mtu anayesikia habari zake zikisimuliwa vibaya redioni. "Mama alilia kwa kaka zake, wakampa hii kona alime, atulishe. Mama yetu, Margarita, hakupanda hata ndizi hapa mpaka anakufa. Alisema si yake."

Mtoto mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, tuandike ipi?"

"Wekeni penseli chini," Eyotaru alisema upesi.

Jada aliinuka. Hakumtazama dada yake wala mwalimu. Alipita katikati ya watoto kwa uangalifu, asikanyage vidole vya mtu, akaingia ndani na kufunga mlango.

Santa aliepua karanga, akamfuata.

Alikuwa amekaa kitandani, shati la Jumapili limeloa makwapani.

"Umewaleta wanivue nguo," alisema.

"Nimewaleta waulize. Jibu sikujua hata mimi." Sauti yake ilitetemeka, na alipoisikia inatetemeka akakasirika zaidi. "Tangu nimeolewa nalima hiyo shamba. Nimezaa hapa. Mama Laurette nilimpatia masharti, usipande hii, usipande ile, na yeye ananiambia asante. Kumbe mimi na yeye tuko sawasawa! Ungeniambia, Baba Prossy. Mimi ningefanya nini? Ningekimbia?"

"Baba yako asingekubali."

"Baba yangu alikufa zamani."

Jada alishika kichwa. "Wajomba wakifa, watoto yao wanahesabu mashamba. Lomoro akisikia watu wanasema shamba ya nani, shamba ya nani, siku moja ataniuliza mimi. Nilipanda mitiki ili asiulize."

Basi ndicho kilichokuwa kinamsumbua. Santa alimtazama mtu huyu aliyeipa hofu nyumba nzima, akaona kwamba yeye ndiye aliyeogopa kuliko wote, tena kwa muda mrefu, peke yake. Huruma ilimjia. Hasira haikuondoka kwa sababu hiyo, zilikaa pamoja.

"Lomoro anajua," alisema. "Hiyo ni shamba ya babu yake, atakosaje kujua? Kijiji yote wanajua. Ni mimi tu sikujua, na Prossy. Lomoro alikucheka juu ya Mama Laurette, kwa sababu juu ya mitiki aliona aibu kukwambia."

Jada alitazama mlango uliofungwa.

"Prossy amekuuliza swali," Santa aliendelea. "Swali ya kwanza ameandika kwa maisha yake. Weye umempa jibu ya uongo, na ameanza kuandika. Sasa unamtoa shuleni kwa sababu gani? Kwa sababu ameuliza?"

"Amenitia aibu."

"Aibu ni ya hiyo ng'ombe yako. Prossy haendi Arua. Weye ukitaka mutu wa kuuza samaki, nenda weye."

Hakuwahi kusema naye hivyo. Alitoka, na nje akawagawia watoto karanga, nyingine zikimwagika.

Evelyn alikuwa amekwisha zungukwa. Watoto hawakuwa wameweka penseli chini kwa muda mrefu. Walimuuliza Aba ni mbali kiasi gani, walipita njia ipi, sufuria ilikuwa na kifuniko au hapana, na yeye anawajibu wote kwa pamoja, mikono hewani.

"Anti," Prossy alimuuliza, hili bila karatasi, "na weye ulisoma shule gani?"

"Shule?" Evelyn alisema. "Mama akilima, nani anabeba baba yako? Nilimbeba yeye mpaka alipoweza kutembea kwenda shule. Halafu yeye akaacha, mjinga." Alicheka, lakini kicheko kilikatika katikati. Alimtazama Prossy kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu ashuke kwenye pikipiki. "Hapa umeandika nini?"

"Swali yangu."

"Soma tena."

Prossy akasoma tena, na safari hii neno la kwanza halikumshinda.

Mlango ukafunguka. Jada alirudi kwenye kiti chake, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti.

"Mwalimu," alisema, "lile swali la mwisho nitajibu mara ya pili."

Alijibu kwa sentensi fupi fupi, akingoja kila moja iandikwe, macho kwenye mkono wa binti yake. Alipofika kwenye jina la mama yake alilitaja mara mbili, maana Prossy aliuliza linaanza na sauti gani. Thérèse alikuwa amesogea kutoka ukingo wa ua bila kujua, akakaa kwenye mkeka karibu na Santa.

Watoto walipomaliza, Eyotaru alimwambia Prossy amsomee mwenye habari, ili kama kuna kosa lisahihishwe. Msichana akasimama mbele ya baba yake.

"Shamba hili lilipewa Margarita na kaka zake. Alilima akalisha watoto wake. Sasa mama yangu analima, na Mama Laurette analima." Akavuta pumzi. "Baba yangu alipanda mitiki na hakuuliza."

Jada alisikiliza hadi mwisho. Alitazama miti yake, akatazama karatasi.

"Hiyo ya mwisho," alisema, "lazima iko?"

"Weye ndiyo ulisema, Baba. Mwalimu anasema tuandike tulichosikia."

Evelyn alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku ile akaufunga bila neno. Mtoto mmoja akaanza kutafuna karanga na kukatazwa na mwenzake.

"Basi acha ikae," Jada alisema. "Nitaenda mwenyewe kwa Lomoro, nimwambie kabla hajasomewa." Kisha, akiinuka na kuanza kufungua vifungo vya shati la Jumapili, akamwambia binti yake, "Kesho usichelewe shule."